Kabla ya kulipia kutuni miksa, omba uonyeshwe namba

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako wa Mbezi, Dar es Salaam, mwenye Toyota IST inayokula mafuta. Anasema amelipia "kutuni miksa", yaani kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli, kwenye gereji mbili. Ya kwanza walimfulia nozeli, zile zinazopulizia injini petroli, ya pili wakambadilishia sensa ya oksijeni kwa nyingine ya mtumba, na bado mshale wa mafuta unashuka huku anautazama. Mwisho akahitimisha kwamba petroli ya siku hizi imechakachuliwa na serikali iingilie kati.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Mwanjelwa, Mbeya. Naomba nafasi nimjibu, maana yaliyomkuta nayaona kwa wateja kila wiki, na serikali haina la kufanya hapo. Barua yangu ni ndefu. Punguza utakapoona panafaa, ila namba naomba uziache zilivyo. Ukizitoa hizo, barua nzima inabaki lawama tupu.

Kaka wa Mbezi, nianze na jambo ambalo mafundi wale wawili walipaswa kukwambia kabla hawajafungua boneti. Injini ya IST haina mahali pa kutunia miksa. Skrubu hiyo haipo. Ilikuwepo kwenye kabureta, kile kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya hewa na petroli, na najua ilivyotumika, maana marehemu baba yangu alikuwa makanika wa Peugeot 504 na pikapu za Datsun, nami nilianza kumshikia tochi kabla sijaenda chuo cha ufundi. Aliipasha injini moto kwanza, akatia bisibisi kwenye skrubu ya miksa, akawa anazungusha polepole huku ametega sikio. Mlio ukipanda na kutulia, anaacha. Ukianza kukohoa, anarudisha kidogo. Hakuwa na kipimo zaidi ya sikio lake na rangi ya plagi: nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe pe, petroli imepungua, kahawia iliyofifia, mambo sawa.

Gari lililotuniwa hivyo Dar es Salaam lilikuwa likifika Mbeya limechoka. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina habari na hilo. Jeti zake, yaani vitundu vya kupitishia petroli, zinaendelea kuitoa kwa kipimo cha pwani, hewa imepungua uzito, basi miksa inakuwa nzito na moshi mweusi unaanza kuonekana huko huko kwenye kona za mlima Kitonga. Baba alikuwa na kopo la jeti ndogo ndogo kwa ajili ya wageni wa namna hiyo.

IST yako ukiileta huku leo, kwa habari ya miksa huna haja ya kumwona mtu. Nyuma ya ea klina kuna sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita inaupoza waya ule, na kompyuta, ile tunayoiita kontroli boksi, inapima umeme unaohitajika kuurudishia joto. Kwa njia hiyo inajua injini imevuta gramu ngapi za hewa, iwe Mbezi au Uyole huku Mbeya. Kisha inagawa kwa 14.7. Hiyo ndiyo namba kuu ya kazi hii: gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Hapo petroli yote inaungua na oksijeni yote inatumika. Kwa hesabu ya haraka, lita moja ya petroli inataka takriban lita 9,000 za hewa ya pwani. Kwa hewa yetu ya huku, zaidi ya lita 10,000.

Hapo hapo niseme jambo litakalowaudhi wauza ea klina. Ea klina chafu iliongeza ulaji wa mafuta enzi za kabureta. Kwenye gari la EFI, yaani linalopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, inakupunguzia nguvu, basi, kwa sababu hewa kidogo ikipita inapimwa kidogo na petroli inapunguzwa kulingana nayo. Ibadilishe, vumbi linamaliza pistoni, lakini usitegemee kwamba mafuta yatapungua.

Sasa, kompyuta haiamini kipimo chake cha kwanza moja kwa moja. Kwenye eksozi, kabla ya masega (kile kifaa cha kusafisha moshi), ina sensa ya oksijeni inayoonja moshi unaotoka. Ile ya kawaida ikishapata moto inatoa kama volti 0.9 miksa ikiwa nzito na kama volti 0.1 ikiwa nyepesi. Kompyuta ikiona nyepesi inaongeza petroli, ikiona nzito inapunguza, na injini inakwenda ikipanda na kushuka kati ya hizo mbili muda wote unaoendesha. Huko ndiko kutuni kwenyewe, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushindana nako. Si jambo la jana pia. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na sensa hiyo pamoja na masega ya njia tatu lilikuwa Volvo la mwaka 1977, kule California, na sensa yenyewe ilikuwa ya Bosch. Masega ndiyo yaliyolazimisha: yanasafisha moshi ipasavyo pale tu uwiano unapokaa karibu kabisa na 14.7. Sisi huku tulikuwa bado na petroli yenye risasi, ambayo inaua sensa na masega vyote viwili, hadi Afrika kusini mwa Sahara ilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Namba ninazozungumzia ni hizi. Kila kompyuta ina jedwali lake la kiwandani la petroli, na inaweka hesabu ya kiasi inachoongeza au kupunguza juu ya jedwali hilo, kwa asilimia. Kuna hesabu ya papo kwa papo, inayochezacheza, na kuna ya muda mrefu, ambayo ni kumbukumbu ya gari. Ikisoma +5, kompyuta imekuwa ikiongeza petroli asilimia 5 kuliko ilivyopangiwa. Ikisoma -5, inapunguza. Ndani ya 10 juu au chini, sina neno na gari lako. Ikikaribia 20 na kupita, kuna kitu, na maeneo hayo ndiyo taa ya injini inawaka na kompyuta inaandika kosa P0171, yaani miksa nyepesi mno, au P0172, nzito mno. Skana, kifaa cha kuchomeka kusoma kompyuta ya gari, yoyote inayosoma data inaonyesha namba hizi. Fundi asiyezitazama anapiga ramli.

Nitoe mfano wa gari moja. Mwalimu mmoja wa Tukuyu aliniletea Vitz yenye taa ya injini, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba, na ikisimama kwenye taa za barabarani inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. (Kwanza aliniuliza fundi yuko wapi, hakudhani kwamba ndiye mimi. Nimeshazoea; namwonyesha mtu kiti, navaa ovaroli.) Alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba P0171 maana yake sensa ya oksijeni imekufa, na ameshanunua nyingine. Nikachomeka skana kwenye tundu la chini ya usukani, injini ikiwa imeshapata moto. Kwenye sailensa, hesabu ya muda mrefu: +21. Nikamwambia kijana wangu akanyage taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na ashikilie hapo. Namba ikashuka hadi +5.

Hapo sijagusa spana, na nusu ya jibu ninalo. Kuna hewa inayoingia kwa wizi, baada ya sensa ya hewa, kwa hiyo haipimwi. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo tu, na ile ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, injini inavuta hewa nyingi na tundu ni lile lile, basi wizi unakuwa mdogo kwa kulinganisha. Ingekuwa kinyume, namba nzuri kwenye sailensa halafu inapanda kadiri unavyokanyaga, ningeshuku pampu ya mafuta iliyochoka, filta ya mafuta iliyoziba, au ule waya wa sensa ya hewa uliopakwa vumbi na mafuta mpaka unasoma pungufu. Ule unasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza. Nimeona watu wakiufuta kwa kitambaa na petroli, na huo ndio mwisho wake.

Nikachukua kopo la kabu klina, dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, nikaanza kupulizia kidogo kidogo kuzunguka menifoldi ya hewa, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye silinda. Gasketi, hakuna kitu. Mpira wa buster ya breki, hakuna kitu. Nilipofika kwenye mpira mfupi unaotoka kwenye kava ya valvu kwenda menifoldi, mlio wa injini ukabadilika, na kwenye skana hesabu ya papo kwa papo ikaporomoka kwenda hasi. Ulikuwa umepasuka upande wa chini wa kona yake, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Mpira mpya, clipu mbili, nikafuta kosa, tukalizungusha gari hadi Iyunga na kurudi. Sailensa: +3. Sensa yake ya zamani nikairudisha mahali pake kwa sababu ilikuwa nzima siku zote. Ilikuwa ndiyo shahidi pekee aliyekuwa akisema kweli katika gari lile, na ndiyo iliyofukuzwa.

Hapo ndipo kaka wa Mbezi anapoingia. Kosa la P0171 linasema kompyuta imeona nini. Halisemi kifaa gani kibovu. Na wakati mwingine kilichoonekana si kweli. Eksozi ikipasuka kwenye menifoldi yake, pale moshi unapotokea injini, kabla ya sensa, kati ya pigo moja la moshi na jingine hewa ya nje inafyonzwa ndani. Sensa inakuta oksijeni, inaripoti miksa nyepesi, kompyuta inamwaga petroli. Koili moja, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, ikifa, silinda moja haichomi, na oksijeni yake yote inatoka nzima nzima. Sensa haioni petroli iliyotoka nayo, inaona oksijeni tu, inaripoti nyepesi, kompyuta inamwaga petroli. Gari la namna hii ndilo linalokula mafuta kweli kweli. Utalitambua hivi: skana inasema +18, kana kwamba injini ina kiu, lakini ukifungua plagi ni nyeusi zimejaa masizi. Namba na plagi zikigombana, acha kununua vifaa, tafuta tobo la eksozi au silinda inayomisi. Rangi ya plagi ya marehemu baba bado ina kazi.

Nina wasiwasi pia na hiyo sensa ya mtumba uliyowekewa. Kuna sensa ya oksijeni ya kawaida, na kuna ile ya uwiano wa hewa na petroli, ambayo Toyota nyingi za miaka ya karibuni zinayo. Zote zina waya nne, uzi wa kufungia ni mmoja, na ukikata plagi ya waya ukaunga nyingine, zinaingia vizuri kabisa. Lakini zinazungumza lugha mbili tofauti na kompyuta. Ile ya uwiano haichezi kati ya 0.1 na 0.9, kwa hiyo mita ya kawaida ya volti haikusaidii kuipima, na kompyuta iliyotarajia aina moja ikipewa nyingine inasoma upuuzi. Kama waya zako ziliungwa kwa tepu nyeusi, rudi kwa fundi huyo na umuulize namba ya kifaa aliyoisoma kwenye ile ya zamani.

Lakini kama ningewekeana nawe dau, kaka, ningeanza na themostati.

Kuna imani kwenye gereji zetu kwamba themostati ni ya nchi za baridi, na kwamba Afrika haihitajiki. Gari likichemka mara moja, themostati inatolewa na kutupwa, na mteja anaambiwa "tumekurahisishia." Nimeikuta imetolewa hata kwenye magari yaliyozaliwa na kukulia hapa Mbeya, ambako asubuhi za Juni na Julai kuna siku tunashuka chini ya nyuzi 10! Themostati ya injini kama ya IST inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Kabla ya hapo inazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto upesi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Kwenye barabara ya Tunduma, upepo ukipuliza, nimeshaona skana ikisoma nyuzi 58 kwa gari lililokwisha kwenda nusu saa. Mshale wa dashibodi ulikuwa chini ya katikati kidogo tu, na mwenye gari alikuwa akiufurahia.

Kompyuta inayoona nyuzi 58 inadhani bado ni asubuhi. Inapandisha sailensa. Kila ukikanyaga inaongeza petroli ya ziada kama inavyofanya kwa injini baridi, kwa sababu petroli haipandi mvuke vizuri kwenye vyuma vya baridi. Kwa magari mengi hata ile hesabu ya muda mrefu haijifunzi kitu mpaka injini ifike joto lake. Petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse, utaipata. Na mwenye gari hivi sasa yuko gereji analipia kufuliwa nozeli.

Najua kwa nini themostati zinakwama. Tunajaza maji ya bomba, hatuweki kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, kutu inajaa. Basi dawa ni kulanti na themostati mpya. Bei yake haifiki hata nusu ya ile sensa.

Kuhusu masega nitasema machache, maana hasira inanipanda. Fundi anakwambia masega yanabana pumzi ya gari, anayatoa, anakuchomea bomba tupu. Hakwambii kwamba ndani ya masega yale kuna platinamu, paladi na rodi, na kwamba kuna watu wanapita gereji kwa gereji kuyanunua. Yapo masega yaliyoziba kweli, lakini yanapimwa kwa geji ya mgandamizo kwenye tundu la sensa kabla ya kukatwa. Baada ya kuyatoa, sensa ya pili iliyo nyuma yake inagundua, taa inawaka na P0420, na hapo fundi huyo huyo anachomoa tema ya betri ili taa izime. Kuchomoa tema kunafuta kumbukumbu yote ya gari, hesabu ya muda mrefu ikiwemo. Gari likinijia siku hiyo, naliona halina historia. Inabidi mteja aendeshe siku kadhaa ndipo lianze kusema tena. Ukiona fundi anakimbilia tema kabla hajachomeka skana, mzuie mkono.

Vijana wa Subaru zenye tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi, nao wataniuliza, mbona kuna watu wanatuni kwa kompyuta mpakato? Ndiyo, hao wanaandika upya lile jedwali la kiwandani, na ni kazi halali kwa anayeijua. Ukikanyaga mpaka mwisho, kompyuta inaacha kuifuata 14.7 kwa makusudi na kushuka hadi kama 12.5 au 13, kwa ajili ya nguvu na kupoza vyumba vya kuchomea. Hata IST inafanya hivyo ikipanda Kitonga mguu ukiwa sakafuni, ndiyo maana safari hiyo mafuta yanakwenda. Kuigusa sehemu hiyo bila sensa ya uwiano iliyofungwa kwenye eksozi na mtu anayeisoma muda wote ni kuchezea pistoni. Miksa ikiwa nyepesi chini ya shinikizo la tabo, injini inagonga na pistoni inayeyuka kingo. Kuna pia vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la skana, vinavyouzwa mitandaoni kwamba vinapunguza mafuta. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imechunguza zaidi ya vifaa 100 vya kuokoa mafuta na haikupata cha maana. Pesa hiyo nunua themostati.

Na petroli? Sisemi uchakachuaji ni hadithi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa. Lakini petroli mbaya inaifanya injini igonge ukikanyaga mlimani, iwake kwa shida, na inawakamata wote waliojaza kituo kile siku ile. Gari moja linalokula mafuta mwaka mzima, likijaza vituo tofauti, tatizo liko ndani yake.

Ombi langu kwa mafundi wenzangu, na nawaomba mnaosoma gazeti hili mkawasomee wasiolipata: tuandike namba kwenye risiti. Joto la injini baada ya kuendesha, hesabu ya muda mrefu kwenye sailensa na kwenye mizunguko 2,500, na makosa yaliyokutwa. Kabla ya kazi na baada ya kazi. Mteja atajua amelipia nini, na fundi anayefuata hataanza upya. Watakaosema fundi wa chini ya mwembe hana skana, siku hizi kuna visomaji vidogo vya kuunganisha na simu, ingawa nitahadharishe: magari mengi ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu lile lile la pini 16 lakini hayaelewani na visomaji vya bei rahisi. Kwa hayo tafuta mtu mwenye skana kamili, au umwone fundi mwenye mita ya volti anayejua waya gani wa sensa autoboe wapi.

Kaka wa Mbezi, kwako iwe hivi. Liendeshe gari nusu saa, kisha uchomeke kisomaji. Joto likiwa chini ya nyuzi 75, hakuna themostati, au iliyopo imekwama wazi. Likiwa kati ya 80 na 95, tazama hesabu ya muda mrefu kwenye sailensa, kisha kwenye 2,500. Ikiwa juu ya 10 upande wowote, mpelekee fundi karatasi yenye namba hizo na umwambie aanze na mipira, eksozi na koili kabla ya kutaja sensa. Ikiwa kote ni ya kawaida na plagi ni kahawia, basi miksa yako haina kosa lolote, na mtu asikutoze tena kwa jina hilo. Inua gari jeki, zungusha kila tairi kwa mkono uone breki ipi inang'ang'ania, pima upepo wa matairi, halafu uhesabu saa unazokaa kwenye foleni ya Kimara na injini inaunguruma.

Fundi umeme wa magari,
Mwanjelwa, Mbeya